Mlinzi wa Muhogo: Nguruwe Mwitu na Afya ya Mkulima

Katika daftari la wagonjwa la zahanati ya kijijini, nguruwe mwitu haandikwi. Kinachoandikwa ni malaria, ni kuumwa na nyoka, ni jeraha la paja, ni sumu iliyoingia mwilini kwa njia ambayo mgonjwa au ndugu zake wanasita kuitaja. Hata hivyo, katika vijiji vingi vya kusini mwa Tanzania, kuanzia bonde la Rufiji hadi Lindi, Mtwara na Ruvuma, mnyama huyo ndiye anayesimama nyuma ya maandishi hayo. Yeye ndiye aliyemtoa mkulima kitandani mwake na kumpeleka kulala shambani, na mengi yaliyomfika huko yalianzia hapo.

Nguruwe mwitu asichanganywe na ngiri. Ngiri hutembea mchana, hupenda mbuga za nyasi fupi, na hukimbia mkia ukiwa umesimama wima. Nguruwe mwitu ni mnyama wa vichaka na usiku. Mchana hujilaza ndani ya magugu mazito au kando ya mto, na giza likiingia hutoka na kundi lake, aghalabu dume mmoja, majike wachache na watoto. Mkubwa aliyekomaa huweza kuzidi kilo 70. Pua yake ni jembe: hufukua mbegu iliyopandwa jana, hung'oa muhogo, viazi na karanga, huangusha mahindi yaliyobeba na kuukanyaga mpunga unaokaribia kuvunwa. Kundi moja likipata usiku mmoja lisisumbuliwe, shamba la nusu ekari hubaki mashimo. Kwa familia isiyo na ghala wala akiba ya fedha, hasara hiyo ni chakula cha miezi kadhaa, na mtoto wa miaka miwili katika nyumba hiyo huenda akapimwa kliniki mwezi wa tatu akiwa amepungua uzito bila ya ugonjwa wowote unaoonekana.

Ndiyo maana ushauri wa mkato, “acheni kulala mashambani,” hausikilizwi, wala haustahili kusikilizwa ukitolewa peke yake. Mkulima anajua hatari. Ameipima na njaa, akaona njaa ni nzito zaidi.

Usiku ndani ya dungu

Ulinzi wa mashamba una zana zake za miaka mingi: dungu lililojengwa juu ya nguzo, moto chini yake, debe la kugonga, kamba iliyofungwa makopo na kuzungushwa shambani, na sauti ya mlinzi anayepiga kelele kila baada ya muda ili nguruwe wajue kwamba yupo macho. Dungu zuri ni refu, lina kuta za fito na ngazi inayovutwa juu. Lakini madungu mengi ya leo si hayo. Ni vibanda vya makuti vilivyokaa chini, vyenye uwazi upande wa mlango, kwa sababu miti ya kujengea iko mbali, na mlinzi mara nyingi ni mwanamke mwenye mtoto mchanga au mzee ambaye hawezi kubeba nguzo.

Tofauti hiyo ya dungu la juu na kibanda cha chini imehesabiwa kwa maisha ya watu. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir kuhusu mashambulio ya simba nchini Tanzania. Tangu mwaka 1990, walieleza, simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 na kujeruhi wasiopungua 308, wengi wao katika wilaya za kusini na pwani. Mashambulio yaliongezeka wakati wa mavuno, Machi hadi Mei, na jambo lililojitokeza katika wilaya zenye mashambulio mengi lilikuwa wingi wa nguruwe mwitu na uchache wa wanyama wengine wa kuwindwa na simba.

Mantiki yake ni nyepesi kuifuata. Pundamilia, nyumbu na swala wakishatoweka kwa sababu ya mashamba na uwindaji, nguruwe mwitu hubaki, kwa kuwa yeye hunufaika na mashamba. Simba humfuata nguruwe hadi kwenye mahindi. Huko, ndani ya giza, hukuta pia kiumbe mwingine aliyelala ndani ya kibanda chenye uwazi, asiye na meno makali wala mbio. Utafiti wa baadaye katika wilaya za Rufiji na Lindi ulipolinganisha watu walioshambuliwa na wale ambao hawakushambuliwa, ulikuta kuwa kulala shambani usiku mwingi, nyumba hafifu na kuwapo kwa nguruwe mwitu ni miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari.

Kuna jambo jingine ambalo mhudumu wa afya anaweza kulisema katika mkutano wa kijiji bila gharama yoyote. Mwaka 2011 watafiti walilinganisha mamia ya mashambulio ya simba nchini Tanzania na tarehe za mwezi. Mashambulio yalikuwa mengi zaidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu, na hasa saa za mwanzo baada ya jua kutua. Sababu ni kwamba katika siku hizo mwezi huchelewa kuchomoza, kwa hiyo kuanzia saa moja jioni hadi saa tatu au nne usiku panakuwa na giza zito, nao watu bado wako njiani: wanatoka kuoga mtoni, wanapeleka chakula shambani, wanakwenda kumtazama jirani. Simba naye ana njaa baada ya siku za mwanga ambazo mawindo yalimwona mapema. Kwa takribani siku kumi baada ya mwezi mpevu, basi, mlinzi afike dunguni kabla ya magharibi na asishuke peke yake kwa haja ndogo. Chombo cha haja ndani ya dungu si aibu, bali ni kinga.

Fauka ya simba, usiku wa shambani una mbu. Mbu wanaoeneza malaria huuma hasa usiku wa manane, saa ambazo mlinzi yuko nje akigonga debe au amesinzia kando ya moto uliokwisha zimika. Katika Bonde la Kilombero, ambako familia huhamia mashambani kwa miezi mingi, watafiti wamewakuta wakulima wengi wakibeba vyandarua vyao na kuvitumia huko. Shida iliyobaki ilikuwa umbali wa kufikia matibabu. Hivyo swali la kliniki lisiwe tu “una chandarua?” bali pia “chandarua kiko wapi usiku huu, nyumbani au shambani, na nani analala ndani yake?” Familia yenye vyandarua viwili na sehemu tatu za kulala haijakingwa. Mjamzito anayelinda shamba apewe tarehe zake za kliniki kwa kufuata kalenda ya kilimo, na aelezwe waziwazi kuwa homa haingoji mavuno yaishe. Mtoto mwenye homa aliyelala shambani umbali wa saa nne kwa miguu anahitaji kuondoka siku ileile, kwa maana malaria kali kwa mtoto mdogo huweza kuua ndani ya saa 24 baada ya dalili kupamba moto.

Nyoka nao hufuata panya, na panya hufuata nafaka. Kifutu hulala njiani bila kusogea, na hukanyagwa gizani na mguu mtupu. Viatu vya mpira na tochi vimeokoa miguu mingi kuliko dawa yoyote ya kienyeji. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe, na apelekwe kituoni akibebwa. Kuchanja, kunyonya sumu, kufunga kamba kwa nguvu na kuweka jiwe jeusi hupoteza muda na mara nyingine hupoteza mguu.

Jeraha la chonge

Nguruwe mwitu hapendi kupigana na mtu. Akipewa njia ya kukimbia atakimbia. Majeraha mengi hutokea pale alipojeruhiwa kwa mkuki au gobore akafuatwa kichakani, pale alipozingirwa na mbwa, au pale mtu alipoingia baina ya jike na watoto wake. Chonge zake za chini hujinoa zenyewe kwa kusuguana na za juu, nazo hukata kwa mwendo wa kutoka chini kwenda juu. Kwa urefu wa mnyama huyo, mkato huangukia goti, paja na kinena, mahali penye mishipa mikubwa ya damu. Aliyeanguka chini hukatwa tumboni na mikononi.

Huduma ya kwanza ni mkono na kitambaa. Jeraha linalotoa damu likandamizwe kwa nguvu bila kufunuafunua kutazama kama damu imekoma. Kukandamiza kwa dakika kumi mfululizo ni kurefu kuliko watu wanavyodhani. Kufunga kiungo juu ya jeraha ni hatua ya mwisho, kwa damu inayoruka na isiyozuilika, na saa ya kufunga iandikwe. Utumbo ukitoka nje usirudishwe ndani: ufunikwe kwa kitambaa safi kilicholowa maji safi, na mgonjwa asipewe chakula wala kinywaji.

Kituoni, kosa ambalo majuto yake hufuata baada ya siku tatu ni kushona. Tundu dogo juu ya ngozi linaweza kuwa mlango wa mkato mrefu uliobeba udongo, nywele na mate ya mnyama. Jeraha la namna hiyo lioshwe kwa maji mengi safi na sabuni, nyama iliyokufa iondolewe, na mara nyingi liachwe wazi na kufungwa bandeji, lipimwe tena baada ya siku tatu hadi tano kabla ya kushonwa. Dawa ya viini inayofaa majeraha ya kuumwa ni amoksilini pamoja na asidi klavulaniki, ikiwapo, kwa kuwa mdomo wa nguruwe hubeba vimelea vya aina nyingi kwa pamoja. Chanjo ya pepopunda iulizwe kwa kila mgonjwa. Wanaume watu wazima vijijini ndio ambao kinga yao huwa haijulikani, maana hawana kliniki ya wajawazito ya kuwakumbusha. Mapigo ya damu mguuni na hisia za vidole vichunguzwe na kuandikwa kabla ya rufaa.

Kuhusu kichaa cha mbwa, mnyama yeyote anyonyeshaye anaweza kuambukizwa, ingawa katika Tanzania mtu huambukizwa karibu kila mara na mbwa. Nguruwe aliyeingia kijijini mchana na kuwashambulia watu bila kuchokozwa atiliwe shaka, na jeraha lishughulikiwe kama la kichaa cha mbwa: kuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha chanjo. Mbwa wanaotumika kumfukuza nguruwe wachanjwe kila mwaka. Hao hukutana na wanyamapori usiku na watoto asubuhi.

Sumu

Hapa ndipo penye hatari iliyo kubwa na isiyosemwa. Mkulima aliyechoka hupaka kiuatilifu kwenye kipande cha muhogo au kukichanganya na pumba, kisha hukiacha njia ya nguruwe. Nguruwe mwenyewe mara nyingi hunusa na kuepa. Wanaokufa ni mbwa, kuku, ndege na mbuzi wa jirani, na mtoto aliyeokota muhogo mweupe chini ya mwembe. Mara nyingine nguruwe hufa kweli, akapatikana asubuhi, na nyama yake ikaliwa na watu wasiojua kilichomwua.

Viuatilifu vinavyotumika hivyo mara nyingi ni vya jamii ya oganofosfeti au kabameti. Vyote huacha mishipa ya fahamu ikitoa ishara bila kukoma. Mgonjwa hutokwa na jasho, mate na machozi kwa wingi, hutapika, huhara, mkojo humtoka, mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli huchezacheza chini ya ngozi, na kifua hujaa majimaji. Anayekufa, hufa kwa kushindwa kupumua. Sumu huingia kwa mdomo, kwa ngozi na kwa pumzi, kwa hiyo aliyechanganya kwa mikono mitupu naye ni mgonjwa hata kama hakula chochote.

Nyumbani, mgonjwa atolewe kwenye chanzo cha sumu, nguo zivuliwe, mwili na nywele vioshwe kwa sabuni na maji mengi, alazwe kwa ubavu. Asitapishwe. Asinyweshwe maziwa wala mafuta. Chupa au pakiti ya sumu ipelekwe kituoni pamoja naye, maana jina lililoandikwa juu yake litamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa. Wahudumu wavae glavu.

Kituoni, kazi ya kwanza ni njia ya hewa na kunyonya majimaji, ya pili ni atropini. Kwa mtu mzima mwenye dalili kali huanzwa miligramu 1 hadi 3 kwenye mshipa, na kipimo huongezwa mara mbili kila baada ya dakika tano hadi kifua kikauke, mapigo ya moyo yapite 80 kwa dakika na shinikizo la damu lipande. Kipimo cha mafanikio ni kifua kinachosikika kikavu. Mboni za macho huchelewa kupanuka, na mhudumu anayezitazama hizo atatoa dawa isivyostahili. Zahanati yenye ampuli chache ianze na zilizopo na kuita gari la rufaa wakati uleule, si baada ya kuisha.

Mhudumu aulize kwa upole na faraghani. Mtu aliyetega sumu huogopa polisi, afisa wanyamapori na jirani aliyepoteza mbuzi, na uongo wake wa dakika ishirini za mwanzo waweza kumgharimu mwanawe. Tena isidhaniwe haraka kuwa kila aliyekunywa sumu shambani alitaka kujiua, wala isidhaniwe kuwa hakutaka. Njaa na madeni ya pembejeo huleta yote mawili.

Nyama yenyewe

Katika vijiji vya Waislamu vya pwani nyama hii hailiwi, jambo linalopunguza magonjwa yake na pengine huwaacha nguruwe wakazaliana bila kuwindwa. Bara huliwa. Mwaka 1961 kiliripotiwa kitabibu kisa cha watu nchini Kenya waliougua trikinosisi baada ya kula nyama ya nguruwe mwitu, mlipuko wa kwanza kuandikwa Afrika kusini mwa Sahara. Ugonjwa huo huletwa na minyoo midogo iliyojificha ndani ya misuli ya mnyama: mlaji huhara kwanza, kisha baada ya wiki moja au mbili hupata homa, maumivu makali ya misuli na uvimbe kuzunguka macho. Watu kadhaa wenye dalili hizo waliokula karamu moja wasitibiwe malaria tu. Kukausha na kufukiza moshi hakuaminiki kuua minyoo hao. Nyama ichemshwe hadi wekundu wote utoke katikati. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo nguruwe mwitu hubeba bila kuugua, haimdhuru binadamu, lakini huweza kumaliza banda zima la nguruwe wa kufugwa, na hiyo ni sababu tosha ya kuwafungia ndani.

Ulinzi usioua mlinzi

Mashamba yaliyotawanyika, kila moja likizungukwa na kichaka, ni karamu kwa nguruwe. Mashamba yaliyopakana, yakalimwa kwa pamoja na kufyekwa ukanda mpana pembezoni, huhitaji walinzi wachache wanaopeana zamu, na nguruwe huogopa kuvuka mahali peupe. Uzio imara wa fito zilizopandwa kwa ukaribu, au handaki lenye kingo wima, hufaa kwa bustani ya muhogo karibu na nyumba kuliko kwa shamba kubwa. Mitego ya waya hunasa mbwa, swala na miguu ya watu, na gobore la kutega kwa kamba halimjui nguruwe wala mwana wa jirani. Kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kijiji kinachosumbuliwa kinaweza kumwita afisa wanyamapori wa wilaya kuendesha msako halali, na barua ya zahanati inayoeleza majeraha na vifo vilivyotokana na ulinzi wa usiku huipa barua ya kijiji uzito.

Aliyejeruhiwa atibiwe kwanza. Fomu ya polisi ya PF3 ifuate, isitangulie damu. Kwa wanyama hatari kama simba, tembo, kiboko na mamba, kanuni za mwaka 2011 ziliweka utaratibu wa kifuta machozi kwa waliojeruhiwa na kwa familia za waliokufa, na taarifa inapaswa kutolewa mapema. Katika cheti cha matibabu mganga aandike mnyama aliyetajwa, mahali, saa, aina ya jeraha na ulemavu uliobaki. Maneno “jeraha la mnyama” peke yake humwacha mjane akisafiri mara tatu hadi wilayani kutafuta sahihi ambayo ingeweza kupatikana siku ya kwanza, penye kitanda cha mgonjwa.